Ukurasa wa Kitaliano Ukutani

Jumamosi hiyo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilikuwa nabandika karatasi za magazeti ukutani kwetu Kiboko, kwa kuwa watu wa kanisa wangekuja kwa maombi Jumapili. Gundi ni uji wa unga wa ngano. Magazeti yenyewe alituachia Mtaliano mjenzi wa barabara, ambaye mume wangu Kioko alikuwa fundi wake, akaokota kwake Kitaliano kidogo. Yalikuwa ya kwao, ya baada ya vita vikuu: mashairi, sinema, wakulima, wafanyakazi, yote kwa macho ya mrengo wa kushoto. Mimi nilipenda picha. Iliyo kubwa zaidi, ya umati wenye bendera, niliiweka mkabala na mlango. Kioko akanisomea maandishi ya chini: watu wanafurahia vita kuisha. Nikamcheka, nikamwambia anatunga.

Kesho yake redio ikapiga muziki wa kijeshi mtupu. Tukasikia serikali imepinduliwa, kisha haijapinduliwa. Maombi hayakufanyika. Sikuweza kukaa, nilitoka, nikaingia, nikatoka tena. Mchana risasi zikalia upande wa barabara kuu. Wanajeshi walikuwa wakiwasaka wenzao walioasi, nyumba hadi nyumba.

Kioko akaitazama ile picha. Bendera, ngumi juu. Tukaimwagia maji, tukaikwangua kwa visu. Uji wangu ulikuwa umeshika vizuri mno. Nikabandika kalenda ya kanisa juu yake.

Wakaingia wawili.

Kalenda ilikuwa bado mbichi. Ikateleza, ikaanguka.

"Hii ni lugha gani?" mmoja akauliza.

"Kitaliano, afande. Ni karatasi ya ukuta tu," nikasema.

Akamgeukia Kioko. "Wewe unajua kuisoma?"

Nilimwomba kwa macho aseme hapana. Lakini Kioko alikuwa ameokoka, na uongo hakuusema hata sokoni akiuza mbuzi mgonjwa.

"Kidogo," akasema.

Wakamchukua.

Hakurudi. Nilimtafuta Kibwezi, Machakos, Nairobi, kila kituo nikiambiwa nijaribu kingine. Kwa muda mrefu niliukasirikia wokovu wake kuliko nilivyowakasirikia wao, na sioni haya kusema hivyo.

Miaka baadaye mtawa wa Kitaliano alipita kwetu akitembelea wagonjwa. Nikamwonyesha kipande kilichobaki ukutani. Akainama, akasoma maandishi ya chini: watu wanafurahia vita kuisha.

Nikamwambia najua, mume wangu alishanisomea.