Upepo wa ndizi: matairi ya kawaida kwenye track day yalivyonifanya niitwe mwenye mdomo mbaya

Wakuu, heshima kwenu wote, wakongwe wa jukwaa na mliojiunga jana.

Ninachoandika hapa si chai. Picha sina, na hata ningekuwa nazo nisingeweka, maana lile gari linajulikana Karagwe nzima. Atakayeona nimetunga apite kimya kimya. Kutoaminiwa nimeshazoea.

Kuna jamaa alianzisha uzi humu akiuliza kama anaweza kuingia track day, siku ya kukimbiza magari uwanjani, na matairi yake ya kawaida ya barabarani. Wengi mkamjibu, "Ingia tu mkuu, dereva ndiye anayeamua." Nimesoma majibu yale yote, nikaona nieleze yaliyotokea kwetu.

Mimi ni wa Ihanda. Nilisoma fizikia chuo kikuu, nikamaliza, nikarudi nyumbani kusubiri ajira. Bado nasubiri, huku nikipalilia migomba ya baba.

Nyumbani wananiita Kwanini. Jina lilianza nikiwa mdogo, siku nilipomuuliza mwinjilisti kwa nini ndizi za sadaka zinapigwa mnada nje ya kanisa na kununuliwa na watu wale wale walioleta. Nilichapwa, na swali halijajibiwa hadi leo.

Kaka yangu, nitamwita Edga, ni mtu wa aina nyingine. Ana Probox nyeupe, anabeba abiria na ndizi kati ya Omurushaka na Isingiro kule Kyerwa. Haulizi sana, anafanya. Lakini tulipatana kuliko ndugu wengi ninaowajua.

Wakati huo alikuwa amepata mchumba Mabira, na familia ilikuwa inajiandaa kwenda kujitambulisha ukweni. Mnajua siku kama ile bila msemaji mzuri mnarudi na aibu. Edga mwenyewe ndiye aliyesema msemaji niwe mimi, siyo wajomba. Aliwaambia wazee, "Watu wa Mabira wanapenda kubishana. Sisi tunaye Kwanini, tunaogopa nini?"

Baba akakubali. Kijana asiye na kazi, asiye na mke, anapewa kuusemea ukoo. Nilijisikia mtu, wakuu. Shikeni hapo, maana hicho ndicho nilichopoteza.

Sasa turudi kwenye matairi.

Vijana fulani wa Bukoba wenye magari ya kushushwa chini walipata kibali cha kutumia eneo huko Isingiro, lililokuwa kambi ya mkandarasi wa barabara. Mkandarasi aliondoka akaacha kipande cha lami kinachozunguka kama yai, alichokuwa anaegeshea mitambo. Wakatangaza track day, na madereva wa huku wakakaribishwa.

Wale wa Bukoba walikuja na matairi mengine kwenye pickup. Matairi laini, karibu hayana kashata, yale meno ya kushika barabara. Wakayafunga pale pale uwanjani, yale ya barabarani wakayaweka pembeni.

Madereva wetu walicheka sana. Mwenyekiti wao, jamaa mmoja mnene wa Noah, akasema, "Hawa wanabadilisha viatu kama wanakwenda kwenye harusi." Kila mtu akaingia na matairi aliyokuja nayo.

Hapo penyewe hapakuwa na kosa kubwa. Tairi la kawaida si hukumu ya kifo. Kosa letu lilikuwa lingine, na sidhani kama lingeweza kufanyika mahali pengine zaidi ya huku.

Huku tuna kitu kinaitwa upepo wa ndizi. Ukipakia mikungu hadi kwenye keria, tairi lenye upepo wa kawaida linalala. Kwa hiyo madereva wanajaza kupita kiasi, hadi ukilipiga teke linalia kama ngoma. Dereva wa huku hapimi kwa gauge, anapima kwa kiatu. Tairi likilia vizuri anasema limeshiba.

Na kwa sababu upepo wa ndizi ndio upepo wa safari ngumu, wakaamua na mashindano ni safari ngumu. Wakaleta kompresa, wakajaza wote. Probox ya Edga ilijazwa hadi ikawa imesimama kwa vidole.

Nikauliza, "Kwa nini mnajaza upepo wa ndizi na ndizi hazimo?"

Mwenyekiti akajibu, "Ndizi zimo tumboni, msomi."

Watu wakaangua kicheko. Edga naye akacheka, akaniambia, "Mdogo wangu, leo umekuja kushangilia au kufanya usaili?"

Sikunyamaza. Nilichuchumaa nikasoma zile namba nne ubavuni mwa tairi, zinazoonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa. Lilikuwa mtumba, limeshazeeka, na pembeni lina mistari midogo kama kisigino kilichokauka. Nikamweleza Edga kwamba tairi lililojaa vile linagusa chini kwa katikati tu, hivyo sehemu ndogo ndiyo inayobeba kazi yote. Kwenye kona za mfululizo linapata moto, upepo wa ndani unazidi kupanuka, na mpira mzee haustahimili.

Nikamwambia apunguze upepo hadi kile kiwango kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango, cha gari tupu. Aende mizunguko miwili, atoke, apime, aache matairi yapoe, ndipo arudi.

Aliniangalia kama anataka kukubali. Lakini watu walikuwa wanasikiliza, na Mwenyekiti akapaza sauti, "Edga, umeshapata ruhusa ya mwalimu?"

Edga akapanda kwenye gari.

Hapo ndipo nilipotoa ile sentensi. Nilisema kwa hasira, na kila aliyekuwepo alisikia, "Haya nenda. Hilo la mbele kushoto litabanduka kabla hujamaliza."

Mzunguko wa kwanza alikwenda vizuri. Wa pili akamkaribia jamaa mmoja wa Bukoba, watu wakapiga yowe, Probox ya ndizi inafukuza gari la kushushwa. Hata mimi nilishangilia, sitawadanganya.

Mzunguko wa tatu, kwenye kona ya upande wa migomba, ile kashata ya tairi la mbele kushoto ilibanduka yote kama ganda. Tuliona kipande cheusi kinaruka juu kabla ya kusikia mlio. Gari likakataa kona, likaenda moja kwa moja kwenye kifusi cha kokoto.

Edga alivunjika mtulinga. Probox ikakunjwa pua hadi karibu na kioo.

Nilikuwa wa kwanza kumfikia. Alikuwa anapumua kwa shida, ananiangalia tu. Nilimshika mkono mzima, tukakaa hivyo hadi walipomtoa. Katika kelele zile nyuma yangu nikasikia mtu anasema, "Si alisema?" Nikadhani wananipa haki yangu. Nilikuwa mjinga.

Kesho yake hospitalini alikuja shangazi, dada yake baba, aliyenilea nikiwa mdogo. Nikasimama, nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Mtu mzima wa huku asipoitikia shikamoo yako, ujue umeshahukumiwa tayari.

Akaniuliza, "Ulijuaje?"

Nikaanza kueleza. Joto, upepo, umri wa mpira.

Akanikata. "Sikuulizi mambo ya shule. Magari yote yalijazwa upepo sawa. Limebanduka la Edga tu, na ni lile lile ulilolitaja, la mbele kushoto. Nakuuliza ulijuaje."

Wakuu, mimi niliyeuliza maswali maisha yangu yote, sasa nikawa naulizwa mimi. Majibu nilikuwa nayo. Lile la mbele kushoto ndilo lililokuwa na nyufa nyingi zaidi, na kona ndefu zote za pale zilikuwa za kulia, kwa hiyo mzigo uliangukia kushoto. Hata mtoto angeelewa. Lakini kila nilipofungua mdomo nilizidi kuonekana mtu aliyejiandaa.

Habari ikasambaa. Hawakusema nimeroga moja kwa moja, sisi ni Walutheri, tunajiheshimu. Walisema nina mdomo mbaya. Kwamba nikikisemea kitu kinaharibika. Jirani mmoja, mama mtu mzima, nilimpongeza kwa kahawa yake iliyochanua, akaniomba kwa adabu kabisa nisiiseme.

Jioni moja baba aliniita chini ya kibanda cha kukaushia kahawa. Akazunguka sana, mvua, mbolea, bei. Mwishowe akasema, "Mabira atasema mjomba wako."

Nikauliza kwa nini. Akasema, "Hilo hilo neno lako ndilo sababu."

Edga alikuwa ndani, mkono umefungwa shingoni, dirisha liko wazi. Alisikia kila kitu. Nilisubiri atoe hata kikohozi. Hakutoa.

Ningeweza kuishia hapo, lakini haya yanayofuata ndiyo yanayoniuma zaidi.

Edga alipopona na gari likanyooshwa, wakaandaa track day nyingine pale pale. Safari hii walianza na maombi, yakiongozwa na mwinjilisti. Mshereheshaji akatangaza kwenye spika kwamba wenye midomo mibaya wakae mbali na magari. Watu wakageuka kuniangalia. Nilikuwa nimesimama nje ya kamba, nikaendelea kusimama.

Matairi yalikuwa ya kawaida tena. Yale laini huku hayapatikani, na wa kuyaagiza hayupo.

Edga akaingia. Baada ya mizunguko miwili akatoka peke yake, wengine wakiendelea. Akasimamisha gari, akashuka, akapiga magoti kando ya tairi la mbele kushoto, akainamisha kichwa.

Mama mmoja karibu yangu akasema, "Muone, anamshukuru Mungu." Mshereheshaji akasema amina kwenye spika.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa kamba, namwona kwa ubavuni. Kizibo cha valvu alikuwa amekishika kwa meno, na ndani ya kiganja kulikuwa na gauge.

Alikuwa anapima. Akaachia upepo kidogo, akazunguka kila tairi akipiga magoti hivyo hivyo, akasubiri yapoe, akarudi. Akamaliza salama. Watu wakamkumbatia mwinjilisti.

Nilimsubiri nyumbani. Nikamuuliza kwa nini asiwaambie.

Akafunga mlango kwanza. Halafu akasema, "Nikisema ulikuwa sahihi, basi mimi ni mpumbavu niliyeambiwa na sikusikia. Mdomo wako ukiwa mbaya, hakuna mpumbavu kati yetu. Ni bahati mbaya tu."

Nikamwambia, "Yupo mmoja. Anaogopwa mpaka na kahawa."

"Wewe utaondoka, mdogo wangu. Utapata kazi mjini. Mimi hawa ndio abiria wangu."

Alisema bila ubaya wowote.

Siku ya kwenda Mabira walipakia tangu asubuhi. Mikungu ya ndizi juu ya keria, madumu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, nyuma, mjomba mbele na koti lake, shangazi na mama kiti cha nyuma, kapu la kahawa ya kutafuna mapajani. Mimi niliambiwa nibaki kuangalia ng'ombe. Tuna ng'ombe mmoja, wakuu, na amefungwa.

Gari lilikuwa linaunguruma, Edga akashuka, akaja hadi nilipokuwa nyuma ya nyumba. Akaangalia kama kuna mtu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Niweke ngapi?"

Nilitamani kukaa kimya, niwaache waende wanavyojua. Lakini barabara ya Mabira naijua, na nyuma alikuwa amekaa mama yangu.

Nikamwambia, "Leo weka upepo wa ndizi. Leo ndizi zimo."

Akatabasamu, akanipiga begani kwa mkono wa upande ule uliovunjika, akaenda. Nikasikia anapiga tairi teke mbele ya watu, shangazi akasema limeshiba.

Walifika salama, wakapokelewa vizuri. Nasikia mjomba alijikwaa kwenye hoja moja nyepesi kabisa, wazee wa Mabira wakacheka, wakasamehe. Edga ameoa. Shemeji yangu ni mtu mwema, ila hajawahi kunionyesha mtoto wake usoni bila kwanza kumfunika kidogo na kanga.

Nilichojifunza ni haya.

Kama huna matairi ya track, ya kawaida yatakusogeza, ila angalia umri wake na nyufa zake, weka upepo wa mzigo uliopo na siyo wa mzigo uliouzoea, nenda mizunguko michache, toka, pima yakiwa ya moto, yapoze. Usipime kwa kiatu.

Na ukiwa mtu wa kuona mambo kabla hayajatokea kwa sababu tu umeangalia, fikiri mara mbili kabla ya kusema mbele za watu. Ukikosea watakucheka siku moja. Ukipatia, hawatakusamehe.

Wataalamu wa matairi nisahihisheni kwenye fizikia, sina kiburi huko. Wale wa "dereva ndiye anayeamua" karibuni pia, nina muda.

Ila kuna jambo nataka mnisaidie kwa dhati. Kama yupo humu aliyewahi kuonya, likatokea vile vile, halafu mtu aliyemlea akamtazama machoni akamuuliza "ulijuaje", atuambie alijibu nini. Shangazi yangu anakuja Jumapili, na bado haitikii shikamoo.