Namba Nne Alipopewa Mwenzake

Katikati ya miaka ya themanini niliajiriwa katika kituo kimoja cha utafiti nje ya Kisumu, kwenye nyumba ya wanyama. Nilidhani naenda kufuga. Nilikulia upande wa Awasi, nyumbani kwenye mbuzi na kuku, na nilichojua ni kwamba mnyama akishiba na akalala pakavu, basi hana shida nyingine.

Mwanamke niliyempokea kazi alinionyesha kila kitu kwa asubuhi moja. Panya weupe hubadilishiwa maranda. Sungura hutolewa damu sikioni, kwa hiyo washikwe vizuri. Konokono wa kichocho, waliovuliwa kwenye mitaro ya mashamba ya mpunga huko Kano, wako kwenye mabeseni, usitie mkono majini. Mwisho kabisa, nyuma ya mlango wa wavu, walikuwa tumbili wanane, kila mmoja na kizimba chake cha chuma.

"Hawa usiwazoee," aliniambia huku akivua ovaroli yake na kunikabidhi.

Kizimba kilimtosha tumbili kusimama, kugeuka na kukaa. Hakikuwa na kitu kingine ndani. Sakafu ilikuwa ya nyaya, uchafu udondoke kwenye trei chini, na kati ya kizimba na kizimba kulikuwa na kipande cha bati. Walikuwa wakisikiana bila kuonana. Nilivuta trei, nikaosha, nikaweka chakula cha vidonge, nikajaza chupa za maji. Kila kitu kilikuwa safi. Wageni waliokuja kukagua walisifu usafi wangu.

Waliitwa kwa namba za kunaswa kwao, si za vizimba; Namba Nne alikuwa jike, aliyenaswa kwenye mashamba ya miwa. Kila nikifungua mlango asubuhi nilimkuta anazunguka: hatua mbili, kichwa juu, ageuke, hatua mbili, kichwa juu. Mkono wake wa kushoto haukuwa na unywele hata mmoja, toka bega mpaka kiganja. Nikadhani ni upele, nikaenda kumwambia daktari aliyesimamia utafiti, mtu mpole wa kutoka milimani ambaye hakuwahi kunipandishia sauti.

Akaja, akamtazama sana.

"Si upele, Mama. Anajinyonyoa mwenyewe."

"Kwa nini ajinyonyoe?"

"Hana kazi ya kufanya."

Jibu hilo nilirudi nalo nyumbani. Nyalenda nilikokaa, nilikuwa naamka kugombania bomba la maji na wanawake wengine, nikitamani siku moja tu ya kukosa kazi. Sikuwa nimefikiria kwamba kukosa kazi kunaweza kumfanya kiumbe ajile mwili wake.

Kesho yake nikamletea gunzi la mahindi na kipande cha muwa. Alivishika asubuhi nzima. Muwa aliumenya uzi kwa uzi, gunzi akalichimba kila kitundu kana kwamba kuna kitu alikipoteza humo. Siku ile hakuzunguka mpaka jioni. Lakini makapi yalidondoka kwenye trei, na fundi wa maabara akayaona kabla yangu.

"Unatuharibia kazi!" alifoka. "Siku ya kujaribu dawa, huyu akitofautiana na wenzake, tutajuaje ni dawa au ni muwa wako?"

Nikaitwa kwa daktari. Nilimweleza ukweli wote, nikiwa tayari nimeshaivua ovaroli akilini. Naye alinieleza polepole kwamba fundi ana haki; wanyama wa utafiti lazima waishi maisha yaleyale, wakipishana tu katika kile kinachopimwa.

"Basi tuwape wote," nikasema.

Akacheka. Halafu akaliandika kwenye daftari lake. Wiki hiyohiyo ruhusa ikatoka: magunzi yaliyochemshwa na kukaushwa, moja kwa kila tumbili. Akafanya na jambo kubwa zaidi. Alikuwa amesoma kwamba tumbili ni mnyama wa ukoo, akaamua tujaribu kutoa bati moja, Namba Nne akutane na jirani yake, Namba Saba, jike mwenzake.

Nilisimama na ufagio mkononi, wakipigana niwatenganishe. Saba alipiga kelele akajibana pembeni. Nne akakaa muda mrefu bila kusogea. Kisha akageuka, akampa mgongo. Sikuelewa, nikadhani amemkataa. Saba akanyoosha mkono, akaanza kumpekua manyoya, unywele kwa unywele, anatafuta chawa ambao hawakuwepo. Nne akafumba macho. Walikaa hivyo mpaka saa ya chakula cha mchana, na mimi nikasahau kabisa kuwapa sungura maji.

Baada ya wiki chache mkono wa Nne ukaanza kuota vinyweleo laini kama vya kifaranga. Nilikuwa nikiingia namsalimu, "Oyawore, nyathina," habari ya asubuhi, mwanangu, naye anakuja kwenye nyaya na Saba nyuma yake. Lile onyo la kutowazoea nilikuwa nimelitupa.

Walikaa pamoja miezi miwili. Halafu hatua ya pili ya utafiti ikafika, ile ya kuwaambukiza kichocho na kujaribu dawa. Daktari alikuja mwenyewe kuniambia.

"Mama, kesho turudishe bati."

"Lakini uliona mkono wake, daktari."

"Niliona."

"Basi waambie wakubwa."

"Nimewaandikia. Saba atapewa dawa, Nne hatapewa. Mayai ya kichocho tunayahesabu kwenye mkojo na choo chao. Wakichangia trei moja, nitajuaje uchafu ni wa nani?" Alivua miwani, akaifuta. "Na huko Kano watoto wanakojoa damu, Mama. Unataka niseme nini?"

Mdogo wangu alikojoa damu tangu anaanza shule, na mama yetu alikuwa akienda kuimwaga nyuma ya nyumba tusiione. Niliitaka dawa ile kuliko daktari mwenyewe. Nilitamani kuwe na mtu mbaya pale wa kumchukia, nikamkosa.

Asubuhi fundi alijaribu kurudisha bati, wakampigia kelele na kumrukia. Ikabidi niitwe mimi, kwa kuwa mimi hawakunikimbia. Nilimwonyesha Nne gunzi upande wa kushoto. Akaja. Kwa mkono wa kulia nikasukuma bati mpaka likagota.

Waliitana siku tatu. Pembeni mwa bati palibaki upenyo, wakapitisha vidole na kushikana, mpaka fundi akaona na kuuziba kwa waya. Siku ya nne Nne hakuita tena. Mzunguko ukarudi, safari hii akanyonyoa na paja. Gunzi nikimpa alilipokea, akaliangusha kwenye trei bila kulitazama. Niliomba nimsogeze aone dirisha. Wakasema mwanga lazima uwe sawa kwa wote. Niliomba awekewe kioo, ajione kama ana mwenzake, wakasema tusubiri utafiti uishe.

Nikawa nabaki naye saa ya chakula. Siku moja alisogea kwenye nyaya, akageuka, akanipa mgongo. Safari hii nilielewa. Lakini kuwagusa kwa mkono mtupu kulikatazwa, na sasa walikuwa na ugonjwa. Nilivaa glavu nene ya ngozi, nikaingiza vidole, nikajaribu kumpekua. Glavu haikuweza kutenganisha nywele. Nilikuwa nampapasa tu, kama mtu anayefuta meza. Alivumilia kidogo. Kisha akasogea mbali, akakaa akitazama ukuta, na hakunipa mgongo tena.

Utafiti ulipoisha, wote wanane walidungwa sindano ya mwisho, kama ilivyopangwa tangu mwanzo, ili maini yao yachunguzwe. Nilimshika Nne mimi mwenyewe. Hakupambana. Nilimuuliza daktari kama dawa imefaa, akasema bado hajui, majibu yatachukua muda. Akahamishwa kabla sijayasikia.

Nami niliomba kuhamishiwa chumba cha kufulia, nikaendelea kufua makoti ya maabara humo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini vililetwa vizimba vipya, vikubwa, vyenye magogo ya kukwea, na tumbili wakawekwa wawili wawili. Wenzangu walikuja kuniita nikavitazame. Niliwaambia nina nguo kwenye maji.