Bima ya Nyumba Isiyokaliwa

Fundi Makochi alikuwa bingwa wa visingizio. Mteja akija kuulizia kochi lake, ataambiwa gundi haijakauka. Akirudi, ataambiwa springi zinasumbua. Kochi lenyewe limekwisha kitambo, ila fundi analilalia. Tangu mkewe afariki, karakana ndiyo iliyokuwa chumba chake cha kulala, na kila kochi lilipochukuliwa alijiona kama mpangaji aliyefukuzwa.

Binti yake, aliyeolewa mbali na ambaye kila mara alisema kazini hawampi likizo ya kuja, hakuwa na habari. Kila jioni alipiga simu: "Baba, umefika nyumbani?" Naye hujibu, "Nimefika, mama, nimeshavua viatu." Viatu kweli alikuwa amevua.

Nyumba ya jirani ilipoungua, binti akamkalia kooni. "Kata bima, Baba. Hiyo nyumba mliijenga na mama kwa kujinyima. Ikiungua, tutabaki na nini cha mama?" Swali hilo lilimwingia fundi mpaka kwenye mifupa. Kesho yake akamwita wakala wa bima.

Wakala alikuwa mama mcheshi, mwenye mkoba mkubwa na haraka zake. Alisukuma mapande ya sponji akapata pa kukaa, akaeleza kwamba bima ziko mbili. Ya kwanza ni ya nyumba inayokaliwa: inafidia moto, wizi, hata bomba likipasuka. Ya pili ni ya nyumba isiyokaliwa. Hiyo inafidia moto peke yake, na bado ni ghali zaidi, kwa sababu cheche ikianguka hakuna wa kuizima.

"Unakaa humo mwenyewe?"

"Nakaa mwenyewe," fundi alijibu, macho kwenye kopo la gundi.

"Basi ya kwanza ndiyo yako. Twende nikaione nyumba."

Hili la kwenda kuiona fundi hakulitarajia hata kidogo. Alitafuta kisingizio, yeye bingwa, akakikosa.

Mlango uligoma mpaka ukasukumwa kwa bega. Sebuleni palikuwa na kochi alilomtengenezea mkewe, limefunikwa shuka, na vumbi kila mahali. Wakala akaenda jikoni akafungua bomba. Likakohoa, likatema maji ya kutu.

"Baba, hapa analala nani?"

"Mimi."

"Baba." Alilifunga bomba taratibu. "Nikiandika unakaa hapa, mimi nimepata mteja, najiendea zangu. Siku ikiungua watakuja kuuliza majirani, na hutalipwa hata senti. Chagua unayotaka, lakini usiseme sikukwambia."

Fundi akakaa kwenye kochi la mkewe. Aliitaka sana ile bima ya kwanza, wala si kwa hofu ya wezi, wangeiba nini? Aliitaka kwa sababu ilikuwa ya mtu mwenye kwake. Siku ya mazishi watu walijaa humu ndani hadi uani, akashindwa hata pa kuegemea. Leo upweke ulimkaba vibaya kuliko siku ile. Akatoa simu.

"Baba! Mbona mapema? Umefika nyumbani?"

"Leo nimefika. Ila silali hapa, mama. Tangu tumzike mama yako nalala karakanani, kwenye makochi ya watu. Nakudanganya kila siku."

"Na mimi nakudanganya, Baba," binti alisema, tayari analia. "Kazini likizo wananipa. Nashindwa tu kuingia humo ndani na mama hayupo."

Walilia wote wawili, kila mmoja kwake. Wakala akatoka akasimama barazani, akajifanya anakagua paa. Aliporudi, fundi alikuwa ameshaiweka simu mfukoni na kujifuta uso kwa kiganja.

"Haya, Baba," alimwambia kwa upole. "Tuandike ipi?"

"Ya pili, mama. Hapa hakai mtu."