Vifungo vya Karani

Mimi ni dobi, na sipendi maswali kabla sijanywa chai. Sasa asubuhi ile mama wa watu akaingia na begi kubwa, akanitupia mezani mashati matatu ya karani, mteja wangu wa kila Jumatatu.

"Mzee, mimi ni mke wake. Nani anamshonea mume wangu vifungo?"

Nikaweka pasi chini.

"Mashati yalitoka nyumbani yamepungukiwa vifungo, maana mimi na sindano hatuelewani. Yamerudi yameshonwa, uzi umezungushwa chini mara tatu. Hii ni kazi ya mwanamke, tena anayempenda! Yeye anaapa hajui lolote. Nitajie jina tu, nijiendee zangu kwa dada yangu."

Yarabi! Nyumba ya mtu inavunjika kwa vifungo, na mkosaji ni mimi.

"Ni mimi, mwanangu."

"Usimfichie!"

Hasira zikanipanda. Sijawahi kuitwa mwongo dukani kwangu. Nikavaa miwani, nikang'oa kifungo kimoja mbele ya macho yake, nikakishona upya. Uzi niliuzungusha mara tatu vilevile, nikaukata kwa meno. Akakivuta, akakilinganisha na vingine. Begi likamtoka mkononi. Akaketi juu ya furushi la mashuka, akacheka mpaka machozi.

"Lakini mzee, kazi yako si kufua na kupiga pasi? Nani alikutuma?"

Nikamwambia ukweli. Vifungo alikuwa akishona marehemu mke wangu, ndiye aliyenifundisha. Tangu aondoke, nikifunga duka narudi chumbani, hakuna wa kuniambia hata pole. Mashati yangu ni mawili tu, hayamalizi jioni. Basi nachukua la yeyote lililopungukiwa kifungo, nakaa nalo. Na karani, ingawa hatujawahi kupita shikamoo na marahaba, hakuwahi kuniangusha: kila wiki vifungo viwili, vitatu. Nilimpenda kwa hilo.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kumwokolea ndoa yake. Kisha akakunja mashati yote matatu, akayatia begini.

"Pole sana, baba. Usisumbuke tena. Kuanzia leo vifungo vyake nitashona mwenyewe."

"Vizuri, mwanangu," nikamwambia. Ningemwambia nini?