Nilivyofungua injini ya pikipiki ya Baba jikoni kwangu Ruring'u, na nati iliyoniumbua mimi mwalimu wa Kiswahili

Wakuu, salamu kutoka Nyeri kwenye baridi. Naandika nikiwa na kidole kimoja ndani ya bandeji, kwa hivyo mkikuta herufi imeruka mnivumilie.

Hii haikumpata "rafiki yangu". Ilinipata mimi. Na sitatia chumvi, maana ilivyo tu inaniaibisha vya kutosha.

Nafundisha Kiswahili shule ya upili, mwaka wa kumi na tisa sasa. Naishi Ruring'u na mke wangu Nyawira. Kabla ya mwaka huu, kazi kubwa ya mikono niliyowahi kufanya ni kubadilisha balbu, na hata siku hiyo Nyawira ndiye aliyepanda kiti. Mimi nilikishika.

Baba anaishi Wamagana. Enzi zake alikuwa mtu wa AI. Vijana tulieni, si hii AI ya kwenye simu. Ni ile ya kupandisha ng'ombe kwa mrija. Alizunguka vilima vyote vya Tetu na pikipiki ya Mwingereza, nyeusi, silinda moja, nzito kama jiko la makaa la hoteli.

Watu walimwita Ndume ya Pikipiki. Mimi nikaitwa Mtoto wa Ndume. Shule ya msingi jina kama hilo halikusaidii kwa lolote.

Sasa pikipiki hiyo ilikuwa imelala stoo zaidi ya miaka ishirini. Kuku walitaga juu ya tangi. Hakuna aliyeijali mpaka Januari, alipokuja Hajji, mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki, kununua mtamba. Hajji ana ugonjwa wa pikipiki za zamani. Akaiona, akasahau mtamba.

Wakapatana na Baba kwamba Jumamosi ya Pasaka atakuja kuichukua.

Niliposikia nilipanda Wamagana siku hiyo hiyo. Nikamwambia Baba asiiuze, nitaitengeneza.

Baba alinitazama mikono kwa muda. Kisha akasema, "Wewe ni mtu wa chaki."

Wakuu, alisema bila ubaya, kama mtu anayesema leo ni Jumanne. Ndiyo maana iliniingia.

Nikasisitiza. Mwishowe akasema, "Sawa. Ikinguruma kabra Hajji afike, tutaongea. Ikinyamaza, inaenda Nanyuki. Mimi sitaki kelele na mtu wa watu."

Basi nikaing'oa injini, nikaitia kwenye gunia la viazi, nikaiweka kwenye buti ya gari, nikateremka nayo Ruring'u. Fremu ikabaki kwa Baba.

Sina gereji. Nina jikoni. Nyawira alikubali kwa masharti mawili: sufuria za chakula zisiguswe, na wageni wake wasione. Sharti la kwanza lilivunjika siku ya tatu, nilipochemsha silinda na sabuni ya unga kwenye sufuria ya githeri. La pili lilivunjika wiki iliyofuata, kina mama wa kanisa walipokuja kuomba na kukuta pistoni katikati ya meza, juu ya kitambaa cha kufuma. Mmoja aliuliza kama ni kifaa cha kukamua maziwa. Nyawira akajibu ndiyo.

Mimi majina ya vyuma siyajui. Kwa hivyo kila kilichotoka nilikiweka kwenye trei ya mayai na kukiandikia jina langu. "Kitu kama kitunguu." "Kitu kama kitunguu lakini kidogo." "Pete." "Pete ya shetani", hiyo ilikuwa imeniruka usoni. Nilifika mahali nikaanza kuvipanga kwa ngeli. Mcheke tu, lakini hakuna kilichopotea.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Kamaru, fundi aliyekuwa akitengeneza pikipiki hiyo zamani. Siku hizi anaishi Kenol kwa binti yake. Magoti hayamruhusu kusafiri, kwa hivyo tulifanya kazi kwa simu. Shida ni kwamba Kamaru huongea kwenye simu kama vile kila neno linakatwa kwenye pensheni yake. Unauliza swali la dakika tatu, anakujibu maneno manne, anakata.

Tulienda vizuri hadi kwenye nati moja iliyo mwisho wa krankshafti, kile chuma kikuu kinachozungushwa na pistoni. Hiyo ndiyo inayozungusha pampu ya oili. Isipotoka, injini haifunguki. Nilijaribu kuilegeza, ikakataa kabisa. Nikampigia Kamaru.

"Mzee, hii nati ya pampu ya oili naifungua aje?"

"Hiyo? Hiyo kufungua ni kuria."

Akakata.

Kwetu huku r na l ni mtu na ndugu yake, kwa hivyo nilielewa amesema kulia. Nikakaa chini. Nikamwambia Nyawira, "Mzee anasema hii kuifungua ni kulia. Jiandae."

Nilielewa kwamba ni kazi ya machozi. Wewe ungeelewa nini?

Nikachukua spana, nikaichomeka bomba la maji ili niwe na nguvu, nikageuza kushoto, maana kila nati duniani hufunguka kushoto. Haikutikisika. Nikaning'inia kwenye bomba na uzito wangu wote. Nati ikaanza kutoa mlio, kiiiii, mwembamba, wa kuumiza meno.

Nilifurahi jamani. Nikamwita Nyawira, "Njoo usikie! Inalia! Mzee alisema italia!"

Akaja na mwiko mkononi. Nikavuta tena. Ikalia zaidi. Nikavuta.

Ta!

Nikaenda chini pamoja na bomba, na kidole changu kikabaki katikati. Nati ilikuwa imepasuka vipande viwili, nusu yake bado imeng'ang'ania.

Nikampigia Kamaru, mkono ukivuja damu kwenye kitambaa cha vyombo.

"Uligeuza wapi?"

"Kushoto."

Safari hii hakukata. Kwa mtu anayeogopa bei ya simu, kutokata kulikuwa tusi.

"Wee mwarimu. Si nirikwambia kuria? Hiyo nati imekatwa kinyume. Wangereza ndio hufanya hivyo. Kufungua ni kuria, kufunga ni kushoto!"

Kulia. Upande wa kulia. Sio machozi.

Sasa wakuu, niwaambie kilichokuwa kwenye meza yangu wiki hiyo. Karatasi za Kidato cha Tatu. Swali la nne: "Eleza maana mbili zinazojitokeza katika sentensi ifuatayo." Kuna kijana aliyeandika maana moja tu, na mimi, kwa kalamu nyekundu, nikamwandikia: "Fikiri kabla ya kujibu!"

Nyawira alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Na wewe ndiye hufundisha watoto wa wenyewe utata?" Akajaribu kunifunga bandeji, ikamshinda kwa kicheko.

Nilijaribu kucheka naye, nikashindwa. Nilikuwa nimeumia, na sisemi kidole. Niliona Baba alikuwa sahihi, na zilikuwa zimebaki siku tisa.

Nusu ya nati iliyobaki niliigeuza kulia. Ikatoka kama kifuniko cha soda.

Nikazunguka maduka yote ya spea hapa mjini nikitafuta nyingine. Walinionyesha za boda boda. Duka moja kijana aliishika, akaigeuza, akauliza kama ni ya cherehani. Kamaru akaniambia kuna mtu mmoja tu anayeweza kuwa nayo, kwa sababu ana mzoga wa pikipiki ya aina hiyo hiyo nyuma ya nyumba yake.

Mtu huyo ni nani? Hajji.

Nilizunguka na simu mkononi siku nzima kabla ya kumpigia. Nikamweleza ukweli wote, hata ile ya kulia. Alicheka, kisha akasema, "Mwalimu, yaani unaniomba kisu, halafu unichinje nacho?"

Nikamwambia ndiyo, Hajji, ni hivyo hasa.

Akafikiri. "Mimi ng'ombe aliyelala nikinunua, nanunua kwa wasiwasi. Aliyesimama ndiye mzuri. Njoo uchukue. Ikisimama, nitamwongezea mzee pesa, na nitaichukua ikiwa inatembea."

Kumbe alikuwa ananisaidia ili aichukue ikiwa nzima. Nilikwenda Nanyuki hata hivyo. Alinipa chai tamu sana, na nati ikiwa imefungwa kwenye gazeti, akakataa nilipie.

Kuanzia hapo maelekezo yote ya Kamaru niliyathibitisha. "Kulia ya mkono au kulia ya machozi?" Mara ya kwanza alinijibu. Mara ya tano akapiga kelele hadi binti yake akasikika akiuliza kuna nini: "Mkono wa kuria chakura! Ule unashikanga kijiko!" Ukutani jikoni nilichora mishale miwili kwa chaki. Bado ipo.

Ijumaa Kuu mimi na Nyawira tulipanda Wamagana, injini ikarudi kwenye fremu. Kwenye trei kulikuwa kumebaki kitu kimoja. Kamaru alisema nisijali. Najali hadi leo.

Jumamosi asubuhi, kabla sijapiga kiki hata moja, Hajji akaingia langoni. Mapema! Na pikapu, na kamba, na ubao wa kupandishia.

Baba alikuwa kwenye kiti nje ya stoo, koti hadi shingoni. Hajji akakaa kando yake. Wakaanza kunitazama.

Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Kimya. Ya sita kiatu kikateleza, kiki ikarudi ikanichapa muundi, nikaangukia kwenye majani ya ng'ombe. Hajji akasema "Pole, mwalimu" kwa huruma ya kweli, akaanza kufungua kamba yake. Ya kumi na moja nilipiga machozi yakinilenga, na siyo ya maumivu.

Ndipo Baba akainuka. Polepole, akishikilia kiti, kisha ukuta, kisha pikipiki. Akapitisha mkono chini ya tangi, akageuza kitu.

"Petrori ulikuwa hujafungua."

Akarudisha nyuma kidogo kale kamkono kwenye usukani ka kuchelewesha cheche ya moto. Akaukanyaga mguu wa kiki taratibu kwa kiatu chake mpaka ukakaza, akaondoa mguu.

"Sasa. Mara moja. Usiiogope."

Nikapiga.

Wakuu, iliwaka. Du, du, du, du, nzito, ardhi ikisikika miguuni. Moshi mweupe ukajaa uani, kuku wakapaa hadi kwa jirani, Nyawira akapiga ngemi, vile vigelegele vyetu vya kupokea mtoto wa kiume, peke yake, zote tano. Baba aliweka kiganja juu ya tangi akakiacha hapo. Mimi nilikuwa nacheka tu.

Hajji aliinama akaisikiliza kama anavyosikiliza tumbo la ng'ombe. Akasimama, akamgeukia Baba, akataja bei mpya. Ilikuwa bei ya heshima. Mtu angenunua nayo ng'ombe na ndama wake.

Baba hakumtazama.

"Hajji," akasema, "mimi umeniongelesha bure. Ongea na mwenyewe."

Wakuu, naapa niligeuka nyuma kutazama ni nani amesimama hapo.

Hakukuwa na mtu.

Funzo? Fundi akikwambia kitu kwa simu, mwulize mara mbili, hata kama umesomea lugha hiyo. Na yule kijana wa Kidato cha Tatu nilimwongezea alama moja. Hajui kwa nini.

Kama nawe umewahi kuponzwa na neno moja, lilete hapa tucheke pamoja. Mwenye kujua dawa ya oili inayovuja chini ya silinda anisaidie, Nyawira ameanza kuhesabu madoa. Na wale watakaoniandikia inbox kuuliza bei, msijisumbue.

Haiuzwi.