Pikipiki ya Mashindano Kwenye Kisiwa Kisicho na Barabara

Nilikwenda kuchanja watoto, nikakuta pikipiki inaning'inia kwenye boriti kama mkungu wa ndizi.

Sitanii.

Na hapo ni Jibondo. Kwa asiyepajua, Jibondo ni kisiwa kidogo kusini mwa Mafia. Gari hakuna. Bodaboda hakuna. Barabara yenyewe hakuna. Kuna vijia vya miguu, mawe, mbuzi, na mafundi wa kuunda vyombo vya baharini.

Sasa pikipiki inatafuta nini pale?

Jina langu Happy. Mwaka huo, 2016, nilikuwa nesi mgeni kwenye zahanati ya pale, mwezi wangu wa pili tu. Siku hiyo kina mama walikusanyika na watoto wao kwenye banda la Mzee Matano, fundi wa majahazi, kwa sababu banda lake lina kivuli kipana.

Nikainua macho, nikaiona.

Haikuwa ya kubebea abiria ile. Usukani umeinama chini, kiti cha mtu mmoja, taa haina, honi haina. Mbele ina kibao cha duara kimeandikwa 27. Kwenye tangi herufi tatu: BSA.

Mimi ni mtoto wa fundi pikipiki wa Mwanjelwa, Mbeya. Nimekulia kwenye grisi. Nilijua pale pale kwamba hii ni mashine ya mashindano, ya miaka ya sitini.

Sindano ikabaki hewani. Mtoto niliyekuwa nimemshika mguu akaniangalia kama anauliza, vipi dada, tumeahirisha?

Nilipomaliza kazi nikamfuata mwenye mali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, dakta."

"Ile pikipiki ni ya nani?"

Mzee Matano akavuta shati, akanyoosha mgongo. Ana miaka sabini na mbili, mwembamba, mikono kama mizizi ya mkoko.

"Yangu. Nilishinda nayo Dar es Salaam mwaka sabini na moja. Wahindi walikuwepo, Wazungu walikuwepo. Wote niliwaacha."

Mkewe, Bimkubwa, alikuwa anapepeta mchele pembeni. Akadakia bila kuinua macho.

"Mimi nimeolewa na bingwa, mwanangu. Hadithi yenyewe hata mbuzi wa hapa wanaijua kwa moyo."

Nikaomba niiguse. Aisee, haikuwa na kutu! Miaka arobaini na mitano kwenye upepo wa chumvi, na haina kutu! Nikanusa vidole vyangu nusura nianguke.

"Sifa," akasema mzee, kajaa tele.

Sifa ni yale mafuta ya ini la papa wanayopaka vyombo visiliwe na maji. Kila alipopaka jahazi, aliipaka na pikipiki. Nikajua huyu mzee ana sifa za aina mbili, za kopo na za mdomoni, na zote hazijawahi kumwishia.

Sasa sikia kilichotuponza.

Wiki hiyo hiyo mzee alikwenda Kilindoni, mjini Mafia, kununua misumari. Akakaa kwenye kahawa, akaanza hadithi yake. Bahati mbaya alikuwepo Taufiki, dereva bodaboda, kijana ambaye kila Idd anashinda mbio za pikipiki za mita mia nne kwenye lami.

"Mzee," Taufiki akamwambia mbele za watu, "hiyo pikipiki yako ilete Idd hii. Usipoileta, hadithi tukuombe uifunge."

Kahawa nzima ikacheka.

Mzee akajibu, "Nitaileta."

Akarudi Jibondo mdogo kama kidonge. Jioni akaja zahanati. Nikadhani presha.

"Dakta, ile mashine inaweza kufufuka?"

We acha tu. Mimi nilikuwa mpweke kwenye kisiwa kile mpaka naongea na friji ya chanjo. Nilitamani kumkumbatia.

"Inafufuka mzee. Nipe miezi mitatu na uniondolee kuku kwenye banda."

Tukaanza.

Injini haikunoki, yaani haikukwama ndani, ile sifa iliiokoa. Lakini mengine yote yalikuwa kilio. Kabureta ilikuwa na nyumba ya nyigu. Magneti haitoi moto. Cheni imeganda kama fimbo. Baba yangu akawa anatafuta vipuri Mbeya, anavituma Dar kwa basi, vinavuka kwa boti mpaka Kilindoni, vinapanda hiace mpaka Utende, vinamalizia kwa mashua. Plagi moja imesafiri kuliko mimi.

Visivyopatikana, mzee alichonga. Kitako cha kiti alikiunda kwa mbao, akakijaza pamba ya kalafati ile ya kuzibia nyufa za jahazi, na Bimkubwa akakishonea kitambaa cha tanga.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Kila nikimwambia, "Mzee, hebu kaa juu tuone urefu," kiuno kinamuuma. Kila siku kiuno. Nikampa dawa. Dawa anakunywa, kiuno kiko pale pale.

Siku ya kuiwasha tulisubiri maji yakupwe, mchanga ukawa mgumu kama sakafu. Nikapiga kiki mpaka goti likaniuliza maswali. Kimya.

Nikampigia baba. Akasema, "Sukumeni. Mashine za mashindano zinasukumwa."

Kina mama wanne walikuwa wanatoka shamba la mwani. Wakatua magunia yao, wakajifunga khanga vizuri, wakaja nyuma. Moja, mbili, tatu, tukakimbia nayo! Nikaachia klachi.

Ikapiga chafya.

Ikapiga chafya ya pili.

Halafu ikanguruma! Aisee, mlio ule hata leo nikiusimulia nasisimka. Mbuzi wote wa Jibondo walikimbilia upande wa pili wa kisiwa. Mzee Matano akaruka juu, akarusha kofia, upepo ukaichukua na hakuikimbilia. Bimkubwa akapiga vigelegele mpaka mtandio ukamdondoka. Baba kwenye simu anapiga kelele, "Hiyo ndiyo! Hiyo ndiyo!" na mimi nalia na kucheka kwa wakati mmoja, kamasi mpaka kidevuni.

Injini ilipochemka, sifa iliyojificha kwenye kila kona ikaanza kuungua. Moshi wa bluu. Harufu ya papa wa kukaanga.

Paka wakaanza kutokea. Mmoja. Watano. Nikahesabu kumi na wanane, wamekaa duara, wanaitazama pikipiki kwa heshima.

Siku moja kabla ya Idd tukaifunga kwenye tanga kuukuu, tukailaza ndani ya mashua. Kufika katikati, boti ya askari wa Hifadhi ya Bahari ikatusogelea. Na wao wana pua. Walisikia ile harufu kutoka mbali, wakaona kitu kirefu kimeviringishwa, na nesi kakaa pembeni kwa huzuni. Mimi sikuwa na huzuni, bahari ilikuwa inanisumbua tumbo.

Askari mmoja akavua kofia taratibu.

"Poleni sana. Ni nani?"

Mzee Matano akamjibu, "Huyu hajafa. Tunampeleka Kilindoni akakimbie."

Wakaomba tufunue. Tukafunua. Askari akaitazama ile namba 27, akanitazama mimi, akamtazama mzee.

"Kesho saa ngapi?" akauliza.

Kesho yake, Idd, Kilindoni ilifurika. Watu wamependeza, kanzu zinanukia udi, watoto wana miwani ya plastiki. Kipande cha lami kilichonyooka kimefungwa kamba pande zote mbili. Mshereheshaji ana kipaza sauti na hana breki.

"Pambano la kwanza! Taufiki bin Kasi! Dhidi ya bingwa wa mwaka sabini na moja, Mzee Matano wa Jibondo!"

Taufiki akaja na pikipiki yake mpya inameta. Sisi tukaja na mzee wetu ananuka papa, paka wawili nyuma.

Nikaishika ile mashine, nikamwambia, "Panda mzee, mimi nasukuma."

Hakupanda.

Akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Dakta. Mimi sijui kuendesha."

"Unasema?"

"Sijui. Hata baiskeli sijui."

Nilihisi kama mtu kanimwagia ndoo ya maji ya baridi. Akanieleza haraka haraka. Dar alikuwa fundi tu. Alimtengenezea mgeni mmoja mashua, yule mgeni alikuwa anahama nchi, akamlipa kwa ile pikipiki. Mzee alitaka injini aifunge kwenye mashua yake. Alipoishusha Jibondo, watu wakaona namba, wakamuuliza, umeshinda?

"Nikasema, ee. Neno moja tu, mwanangu. Ee. Nilikuwa kijana, nimetoka mjini, sina kitu. Mengine waliongeza wenyewe, na mimi sikuwakataza."

Nikawaza haraka. "Basi nitawaambia kiuno kinakuuma."

 Akatikisa kichwa.

"Hapana. Kiuno changu nacho kimechoka kusingiziwa."

Akatembea mpaka kwa mshereheshaji, akamnyang'anya kipaza sauti.

"Asalaam alaykum. Mimi ni Matano. Sijawahi kushinda mbio yoyote. Sijawahi kupanda pikipiki. Nimewadanganya. Nimemdanganya na mke wangu. Mnisamehe, na leo ni Idd."

Kilindoni nzima ikamgeukia. Nilisikia kipaza sauti kinakoroma.



Halafu sauti ikatoka upande wa wanawake. Bimkubwa, kasimama juu ya kiti cha plastiki.

"Matano! Miaka arobaini na miwili nimekaa na bingwa, kumbe nimekaa na fundi seremala?"

"Ndiyo, mke wangu," mzee akajibu kwenye kipaza sauti.

"Na wageni wote niliowapikia wakusikilize?"

"Ndiyo."

Bimkubwa akashika kiuno. Mdomo ukaanza kumcheza. Akajizuia, akashindwa. Akaangua kicheko, kicheko cha kuinama, na kile kicheko kikaambukiza watu kama moto wa makuti. Wazee wakacheka, polisi wakacheka, mzee mwenyewe akacheka mpaka akajifuta machozi na mkono wa kanzu.

Bimkubwa akapata pumzi.

"Sasa apande dakta! Nyumba yangu haitoki hapa leo bila bingwa!"

Mimi?

Mimi nilikuwa nimevaa gauni la Idd alilonishonea yeye mwenyewe. Nikalifunga fundo magotini, nikaazima helmeti. Mzee Matano akaenda nyuma kusukuma. Na unajua nani alikuja kumsaidia? Yule askari wa Hifadhi.

Bendera ikashuka.

Taufiki akachomoka kama jiwe la manati. Mimi bado nasukumwa. Watu wanacheka. Nikaachia klachi, mashine ikapiga chafya yake, na nikasema moyoni, Mungu wangu, usiniaibishe mbele ya waliofunga mwezi mzima.

Ikashika.

Gia ya kwanza ya mashine za mashindano ni ndefu, inavuta taratibu, inavuta, halafu ghafla inakumbuka ilizaliwa kwa ajili gani. Mikono nusura ing'oke. Gia ya pili. Minazi ikawa ukuta. Gia ya tatu, nikaona mgongo wa Taufiki, shati lake limejaa upepo. Nikaona kioo cha pembeni. Nikaona jicho lake ndani ya kioo, limetoka kama la pweza.

Nikampita hatua kumi kabla ya mstari wa mwisho.

Nikapiga kelele peke yangu ndani ya helmeti. Sijui nilisema nini. Nadhani Kinyakyusa.

Halafu nikakanyaga breki.

Breki hakuna. Sifa ilikuwa imeyeyuka na joto, imeingia kwenye breki zote. Nikawapita waamuzi. Nikawapita polisi. Nikampita muuza juisi, akanipungia. Nikaacha lami, nikaingia kwenye shamba la minazi na kuzama ndani ya lundo la makuti ya kuezekea.

Waliponitoa nilikuwa nacheka tu. Taufiki ndiye wa kwanza kufika. Akanivua helmeti, akanikagua kama mzima, akageuka kumtafuta mzee.

"Mzee Matano," akasema, "umenipiga. Safari hii kweli."

Mzee akatikisa kichwa. "Kakupiga dakta. Mimi nilisukuma tu."

Mimi nikadhani mambo yameishia hapo. Wiki iliyofuata, alfajiri, mlango wa zahanati ukagongwa. Mzee Matano, kavaa buti za mvua na helmeti iliyomzidi kichwa.

"Maji yamekupwa," akasema. "Nifundishe."

Alianguka siku ya kwanza mara sita. Siku ya pili mara nne. Nilimbandika plasta nyingi kuliko watoto wa chekechea. Kina mama wa mwani walikuwa wanasimama kumpigia makofi kila akiinuka. Siku ya kumi na moja akawasha, akaachia klachi taratibu, akaenda. Akaenda mwenyewe! Akaenda mpaka mwisho wa mchanga, na kila baada ya hatua chache tunamsikia anapiga kelele kama mtoto.

Nilichojifunza ni hiki ndugu zangu. Kama kuna jambo umewaambia watu unaliweza na huliwezi, una njia mbili. Endelea kuumwa kiuno maisha yako yote, au sema kweli siku moja, waache wakucheke, halafu kesho yake ukajifunze. Kicheko cha watu kinaisha kabla pilau haijapoa.

Mzee alipogeuza pikipiki na kurudi, Bimkubwa alikuwa amesimama mbele yake katikati ya mchanga, mkono mmoja juu kama anayesimamisha bodaboda.

"Kiti ni cha mtu mmoja, mke wangu," mzee akamwambia.

"Basi shuka," Bimkubwa akajibu, "dakta anifundishe mimi."