Tundu la Mwisho la Kamongo

Mahona wa Kasoli alikuwa mvuvi mahali ambapo ziwa husikika redioni tu, na kuchekwa alishazoea. Lambo la kijiji ndilo lililomlisha. Masika alitega migono ya kunasia samaki. Kiangazi alishika jembe, maana maji yakikauka samaki kamongo hujifukia topeni na kuacha tundu la kupumulia. Sharti la marehemu baba yake lilikuwa moja tu: tundu la mwisho haliguswi. Kamongo wa humo ndiye mbegu ya lambo.

Tangu wanunuzi binafsi wa pamba waruhusiwe, watu walilima mpaka ukingoni, na udongo ukashuka lamboni. Mwaka huo mvua ya Novemba haikuja kabisa. Ya Februari ilipita mbali, kama mtu anayekwepa mchango wa harusi. Wazee wakasema kuna mtu kaifunga. Bwana shamba akasema ni miti. Mahona yeye alihesabu matundu tu: kumi na moja, manne, moja.

"Mtani, siku hizi unavua vumbi?" jirani yake Maduhu alimpigia kelele. "Nipimie kilo mbili, lisiwe na miba!"

Nyumbani ghalani walibaki panya, nao wamekonda. Binti yake Milembe alikuwa na siku ya tatu kwa uji wa pumba, hata kulia ameacha.

"Baba Milembe, lile tundu," mkewe Ng'washi alisema.

"Lile ni la baba."

"Basi baba aje ampikie mjukuu wake."

Alichimba taratibu, kama anayefukua kaburi la ndugu. Kamongo alikuwa amejikunja, mnene kama mkono wa mtu mzima. Milembe alikula hadi akasinzia na mfupa mkononi.

Siku ya tisa ikanyesha. Mwezi wa sita! Lambo likajaa kwa siku mbili. Maduhu akacheza matopeni akitangaza mvua imefunguliwa.

Mahona akatega migono yote minane. Kesho yake, vyura. Keshokutwa, majani. Siku ya tatu Ng'washi alimkuta amesimama majini mpaka kiunoni.

"Twende nyumbani, baba Milembe."

"Maji si haya, mayu, mama Milembe? Yote haya. Sasa ya nini?"

Ng'washi akakunja kanga, akaingia, akainua mgono na kuumwaga: vyura. Kisha akautega upya, mdomo wake ukielekea pale lilipokuwa tundu.